Mwaka Nilioshika Silabusi ya Modeste

Jumatatu, tarehe tisa Oktoba. Tangu asubuhi mawingu yalikaa juu ya machimbo bila kuamua, na saa nane mvua ya kwanza ikaanguka, nzito, ikapiga vumbi la uwanja mpaka harufu ya udongo ikaingia chumbani. Nimefunga dirisha. Siku arobaini za Modeste, bwana wangu, zilitimia Jumamosi. Wageni wamerudi kwao, viti tulivyoazima vimerudi parokiani, na Gaspard, rafiki yake wa chuo kikuu, aliyetoka Lubumbashi kwa basi na magoti yake mabaya, ameondoka jana baada ya misa. Kabla ya kuondoka alinisimulia jambo moja juu ya mtihani wa zamani, akicheka, na mimi nilicheka pia kwa adabu. Tangu hapo sina raha. Nimeamua kuandika juu ya mwaka ule, huo mmoja tu. Nitaenda kwa mpangilio, na neno la Gaspard nitaliweka mahali pake karibu na mwisho, kwa sababu nikianza nalo nitamaliza kurasa zote kwa kujitetea au kwa kujilaumu, na hakuna atakayejua ilikuwaje. Mimi si mwandishi. Nilisoma miaka sita kwa masista, na tangu hapo naandika katika madaftari mambo ya kila siku: nani ameugua, nani amezaa, mvua imenyesha lini. Madaftari ya mwaka ule ninayo bado, mawili, moja panya walikula pembe yake. Pale ambapo daftari limenyamaza na mimi nakumbuka tu, nitasema.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa sisi hatukujua kwamba ni ya mwisho. Modeste alikuwa karani katika ofisi ya kampani ya shaba hapa Kolwezi. Alikuwa amemaliza seminari ndogo, akajua Kilatini, akaacha upadre, akanioa. Kisha ikasikika kwamba kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, chuo kikuu cha serikali kinapokea na weusi, wanakaa darasa moja na Wazungu, wanasikiliza profesa mmoja. Modeste aliandika barua, akajibiwa. Mkuu wake wa ofisi, Mbelgiji, alimwita akamwambia kiti chake hakitamngoja. Modeste alinihakikishia kwamba hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba treni haisimami hapo. Nyumba yetu ilikuwa ya kazi, kwa hiyo kazi ilipoondoka na nyumba iliondoka. Mimi na mtoto wetu Josée, aliyekuwa na miezi minne, tukahamia kwa kaka mkubwa wa Modeste, tuliyemwita Yaya Pius, katika kambi ya wafanyakazi. Tangu siku ile sote tulijua mambo yanavyosimama. Akipita mwaka wa kwanza, atapewa mahali pa kukaa na mke na mtoto, na sisi tutamfuata. Akianguka Julai, atarudia mara moja tu, Septemba. Akianguka na Septemba, basi: chuo kikuu kimefungwa, ofisi imefungwa, na hakuna mlango wa tatu.

Yaya Pius alichimba shaba kwenye shimo la wazi, na mikono yake ilikuwa mikubwa kiasi kwamba kikombe kilipotea ndani yake. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Mimi na Josée tulilala chumba cha mbele, kwenye mkeka kati ya meza na baiskeli. Jioni ya kuagana tulikula kuku, na daftari langu linasema kuku alikuwa mgumu. Yaya Pius alimgeukia mdogo wake, akaanza.

"Ndugu yangu, unaacha kazi ya kalamu juu ya kwenda kukalisha matako ku benchi ya batoto?"

"Yaya, ni miaka ine tu."

"Mi niliona batu benye kutoka ku masomo kwenda ku kazi. Mwenye kutoka ku kazi kurudia ku masomo, uyu njo wa kwanza."

"Njo vile batakuandika ku gazeti," Modeste akasema. "Pius, yaya ya mutu wa kwanza."

Mke wa Pius, mama Vero, alicheka mpaka akaweka sahani chini. Modeste alikuwa hivyo wakati ule. Naliandika kwa makusudi, maana wanangu hawatalisadiki: baba yao alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa na jibu kabla swali halijakaa chini. Alieleza bei za soko, ndoto za mama Vero, sababu ya treni kuchelewa, na hata alipokosea ulitaka aendelee.

Pasaka nilikwenda kumwona, safari yangu ya kwanza peke yangu. Nilimwacha Josée na mama Vero, na maziwa yakaniuma kutoka stesheni ya Fungurume mpaka kufika. Chumba chake katika nyumba ya wanafunzi kilikuwa cha mtu mmoja, kitu nilichokuwa sijakiona: kitanda kimoja, meza moja, taa ya kuinamisha, beseni la kunawia lililotoka ukutani na kioo juu yake. Nilikaa kitandani na mkoba magotini kama mtu anayengoja daktari. Ndipo Gaspard akagonga, kijana mwembamba wa chumba cha pili, mwenye soksi za rangi mbili, ameleta mkate na kopo la sardini, kwa sababu wageni hawakuruhusiwa kula katika ukumbi wa chakula.

"Mama Albertine, karibu ku palais ya mfalme," akasema. "Hapa maji inatoka ku ukuta, mwangaza inatoka ku ukuta. Chakula tu njo inakataa kutoka ku ukuta."

Tulikula sardini kwa kuchovya mkate, watatu kwenye meza moja ya kusomea, na mafuta yakadondoka kwenye karatasi za mtu. Mlango ulikuwa wazi na wanafunzi walipita. Kijana mmoja Mbelgiji wa chumba cha mbele aliingia kurudisha kitabu, akainamisha kichwa, akaniita Madame. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hakuna Mzungu aliyekuwa ameniita hivyo, na hakuna aliyeniita tena kwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo namwandika. Huko barazani walikuwa wanazungumza juu ya profesa wa uchumi. Sauti moja ilisema, "Ule hapende mutu mwenye kutafuta maneno. Ukisimama kidogo, anaangalia saa." Mwingine akajibu kwamba ni mtu mzuri, ila ana haraka. Modeste akapiga kelele kutoka ndani, mdomo umejaa mkate, kwamba mtu mwenye haraka apewe mfano, mfano hukimbia kuliko sheria. Walicheka, wakaingia, na yeye akaanza kuwaeleza somo la wiki ile kwa kopo la sardini: nani alivua, nani alitia chumvi, nani alipakia, na kwa nini samaki hapa Katanga ana bei kuliko nyama. Sikuelewa yote kwa sababu ilikuwa nusu Kifaransa, lakini niliona nyuso zao. Katika treni ya kurudi nilifikiri kwamba amekwisha kupita. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kama ni kosa kutumaini.

Julai alirudi na sanduku la kartoni, wakati wa baridi kali, upepo unaleta vumbi la mgodi mpaka ndani ya chumvi. Alikuwa amepita masomo yote isipokuwa moja, uchumi. Alinieleza tukiwa jikoni, amechuchumaa mbele ya makaa na viganja vimenyooshwa.

"Mi nilijua, Albertine. Nilijua yote. Njo nilifika mbele yake, nikaanza huku, nikarudia kule, nikasahau fasi nilitoka."

"Alisema nini?"

"Alisema bintu biko, lakini biko chini, sawa ghala, magazini yenye kuanguka. Alisema nipange maneno."

Nipange maneno. Sidhani profesa alikosea kusema hivyo. Nimelifikiria tangu Jumamosi na bado sidhani. Kesho yake nilikwenda kuchota maji bombani, na wanawake walikuwa wamekwisha kupata habari, nani aliwaambia sijui. Mmoja aliyenipa mgongo alisema, "Bwana yake alienda kusoma sawa muzungu, lakini alianguka sawa sisi bote." Wengine walicheka, si sana. Yule mwanamke hakuwa mbaya. Mwaka uliofuata alinisaidia kuzaa. Lakini nilibeba ndoo ile nyumbani na maji yalimwagika njia nzima kwa jinsi nilivyokaza mikono, na kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeamua kwamba mimi ndiye nitakayempangia maneno Modeste.

Lazima nieleze kwa nini nilijiona naweza. Kule misheni, kabla ya komunyo ya kwanza, katekista alituketisha wawili wawili na kutuuliza maswali ya katekisimu. Jibu lilipaswa kutoka kama lilivyo kitabuni. Ukibadilisha neno moja, hata kama maana ni ileile, aligonga benchi kwa kifimbo, na ulianza jibu tangu mwanzo. Ukikosa mara tatu ulirudishwa nyumbani mpaka mwaka mwingine. Wengi walirudishwa, watu wenye akili kunizidi. Mimi nilipita mara ya kwanza, kitabu kizima, na sista alinipa picha ya mtakatifu yenye ukingo wa dhahabu. Katika maisha yangu hicho ndicho kitu nilichokuwa wa kwanza. Kwa hiyo nilipoiona silabusi ya uchumi, ile mihadhara ya profesa iliyopigwa chapa kwa wino wa zambarau, kurasa zaidi ya mia moja zimeshonwa kwa pini mbili, sikuogopa. Niliona katekisimu. Nilikuwa naweza kusoma Kifaransa kwa sauti na kwa macho, ingawa maana ilinipita, isipokuwa maneno ya jikoni na ya sala. Nilimwambia Modeste: wewe sema, mimi nitafuata kwa kidole.

Tulifanya hivyo kila asubuhi, Yaya Pius akiwa shimoni na mama Vero akiwa shambani kwake nyuma ya kambi. Meza tuliivuta karibu na mlango kwa ajili ya mwanga. Josée alikaa kwenye mkeka na vijiko. Modeste alisimama, mgongo ukutani, mikono nyuma, na mimi nilikaa na silabusi mbele yangu na mwiko mkononi. Alipokosa neno niligonga meza, mara mbili, naye alirudi mwanzo wa aya. Siku za kwanza niligonga mpaka mkono ukachoka. Mimi sikujua neno lipi lina uzito na lipi halina, kwa hiyo yote niliyapa uzito sawa. Akisema "lakini" mahali pa "hata hivyo," niligonga. Nilijiona mwenye haki kwa sababu sikumpendelea.

Kuna asubuhi moja ya mwezi wa nane ambayo imo katika daftari kwa mstari mmoja tu: "Modeste alicheza, tulichelewa." Yaliyobaki nayakumbuka. Alikuwa amefika katikati ya aya ndefu, akaacha, akakaa mezani mbele yangu.

"Albertine, unajua hii yote inasema nini?"

"Sijue. Endelea."

"Sikia. Iko sawa uyoga. Mvua ya kwanza inanyesha, mama mumoja anafika ku soko na kikapo moja ya uyoga. Mama bote banakimbilia, banasukumana, na ye anasema bei yenye anataka. Inapita juma tatu. Uyoga iko kila fasi, hata mbuzi inageuza shingo. Sasa uyoga ni ile ile. Utamu ni ile ile. Nini njo imebadilika?"

Nilifikiri. "Njaa yetu," nikasema.

"Njaa yetu!" Alipiga makofi, Josée naye akapiga. "Mama Albertine, unapita na distinction. Ukurasa mbili ya Professeur, we umeisema na neno mbili."

Nilielewa. Nataka liandikwe kwamba nilielewa, dakika ile, na ilinipendeza, na nilitamani aniulize jambo lingine. Kisha nikatazama silabusi, mistari ya zambarau chini ya kidole changu, na hapakuwa na uyoga. Nikagonga meza kwa mwiko.

"Haiko vile banaandika."

"Lakini njo maana yake."

"Mu mwezi wa saba ulimupatia maana," nikamwambia. "Alikurudisha."

Modeste alinitazama. Hakukasirika. Ningependa kuandika kwamba alikasirika, au kwamba alibisha, ili tugawane. Alifikiri, akasema, "Ni kweli," akasimama, akaweka mgongo ukutani na mikono nyuma, na kuanza aya tangu mwanzo. Hakuleta tena mfano wowote, si uyoga, si sardini. Mwisho wa mwezi ule alikuwa anasema kurasa kumi bila mimi kugonga. Alizisema akioga. Mama Vero, ambaye Kifaransa hakukijua hata kidogo, alishika maneno mawili hewani, yale ya uhaba wa vitu, na kuyatumia kufukuza kuku jikoni: "La rareté! Tokeni! La rareté!" Yaya Pius alirudi siku moja mapema, akatukuta, akasimama mlangoni na kofia yake ya kazi.

"Shemeki, unamufundisha ao unamupika? Kila siku mwiko."

"Namupika, yaya. Bado kidogo ataiva."

"Angalia asiungue," akasema, akaenda kunawa. Wote tulicheka.

Siku moja kabla ya treni ya kumrudisha chuoni, joto la Septemba limeanza na moshi wa vichaka vinavyochomwa umefunika jua, alisema silabusi yote. Alianza baada ya chai na akamaliza mchana, akinywa maji mara mbili tu. Mwiko ulikaa juu ya meza na sikuugusa. Alipofika kwenye neno la mwisho nikageuza jalada la nyuma kama mtu anayefunga dirisha. Daftari linasema: "Leo hakuna kosa." Herufi ni kubwa, na chini yake nilipiga mstari. Sikuwa nimewahi kupiga mstari chini ya kitu katika daftari lile, hata siku aliyozaliwa Josée.

Alianguka. Msomaji ameshajua. Aliporudi hapakuwa na kiti ofisini, wala hakuomba. Baada ya miezi akapata kazi ya kutunza magazini ya vipuri, nati na mikanda na mafuta ya mashine, akakaa humo mpaka pensheni. Watu wataniambia kwamba baada ya uhuru mtu aliyepita hata mbele ya chuo kikuu alipewa kiti, na ni kweli. Walikuja kumwita mara mbili, watu wenye gari, mara ya pili Gaspard alikuwa pamoja nao. Modeste aliwapa bia, akawasikiliza, akasema, "Mi sina kitu ya kusema." Nilidhani ni kiburi. Nilidhani amewakasirikia Wazungu kwa ajili ya mtihani ule na hasira imehamia kwa kila ofisi. Katika mikutano ya parokia alikaa nyuma. Watoto walipomwuliza jambo la shule aliwaonyesha ukurasa kwa kidole. Na mimi, miaka yote hiyo, niliwaambia wanangu kwamba baba yao alijua kila neno na profesa alimwangusha kwa roho mbaya. Nililisema mbele yake, mezani, si mara moja, naye aliendelea kula.

Sasa neno la Gaspard. Jumamosi, watu walipokuwa wanaondoka, tulikaa yeye na mimi chini ya turubai, na akataka kunifurahisha kwa habari za ujana. Mitihani ile ilikuwa ya kusema kwa mdomo, mlango wazi, na wanaongoja zamu walikaa nyuma. Gaspard naye alikuwa na somo la kurudia Septemba, kwa hiyo alikuwapo.

"Modeste alianza, mama, ilitoka sawa maji! Mi niliogopa, nikasema uyu atatufanya sisi bote tuonekane bajinga. Na Professeur alifurahi, niliona, alikuwa anaitikia na kichwa. Kisha akachukua kalamu, akagonga meza, to, to. Kusema basi, imetosha, sasa nipatie mufano. Modeste akanyoosha mugongo. Akaweka mikono nyuma. Akarudia mwanzo ya paragraphe!"

Gaspard alikuwa anacheka na kufuta macho.

"Professeur akagonga tena. Akasema, nimesikia, Monsieur, nataka mufano mumoja tu, kitu ya kwenu, ya soko. Modeste anarudia mwanzo. Mara tatu, mama! Kila mara kalamu inagonga meza, ye anarudia mwanzo, sawa gramofoni yenye kukwama. Nyuma batu banaanza kucheka. Professeur hakucheka. Alingoja mpaka mwisho, akamwambia polepole: mi siko adui yenu. Na Modeste, mwenye alikuwa anatufundisha na kopo ya sardini! Mpaka leo sijue nini ilimushika siku ile. We unajua?"

Nikasema, "Sijue." Huo ni uongo na nauandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuuweka.

Nimejaribu kuwa na haki. Inawezekana angeanguka hata bila mimi. Julai alianguka bila mimi. Profesa alisema apange maneno, hakusema ayapange namna ipi. Modeste alikuwa mtu mzima, angeweza kuniambia niweke mwiko chini. Hayo yote ni kweli na nimeyaandika kwenye karatasi ya pembeni, upande mmoja, na upande wa pili nimeandika jambo moja tu, na upande huo ndio mzito. Nakumbuka pia kwamba kila nilipopika, nilipokung'uta mwiko kwenye ukingo wa sufuria, Modeste alitoka nje. Nilidhani hapendi moshi. Tulinunua jiko la umeme na bado alitoka. Kama alijua, aliishi nami miaka yote hiyo akijua, akala nilichopika, akanisikia nikimtukana profesa mbele ya watoto, na hakunisahihisha hata mara moja. Kama hakujua, basi alijiona yeye mwenyewe mjinga mpaka kufa. Nimekaa na mawazo haya mawili tangu Jumamosi na siwezi kuchagua lipi nimwombee Mungu liwe kweli. Hakuna wa kuuliza.

Siku aliyorudi, mwisho wa Septemba ya mwaka ule, nilikwenda kumpokea stesheni na Josée mgongoni. Alishuka behewa la mwisho na sanduku lake la kartoni. Alimchukua mtoto, akambusu kisogoni, na tukatembea kwenye njia ya kambi mpaka nikashindwa kungoja.

"Ulisema yote?"

"Nilisema yote."

"Bila kosa?"

"Bila kosa hata moja," Modeste akasema.

"Na Professeur?"

"Ye alisikia. Lakini nimeanguka, Albertine."

Aliomba maji ya kuoga. Yaya Pius alirudi kutoka shimoni, akaona sanduku mlangoni, akaelewa, akamwuliza mdogo wake kama treni ilichelewa. Mama Vero alisonga bukari, ugali wa muhogo, akapika sombe, majani ya muhogo, kwa mafuta ya mawese, na kuweka vipande vitano vya samaki wa chumvi kutoka katika poso ya chakula ya wiki ile, viwili katika sahani ya Modeste. Alivila vyote viwili, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akasema asante.